Mnyoo Gani? Majina ya Kisayansi na Tiba ya Kichocho

Katika Kiswahili cha kila siku, neno "minyoo" hukusanya wanyama wengi wasiofanana. Mtoto wa Migato, mkoani Simiyu, anayechunga ng'ombe na kuoga lamboni, aweza kuanza kukojoa damu. Mzazi akinunua "dawa ya minyoo", huenda akapewa albendazoli. Mtoto huimeza, lakini damu haikomi. Dawa si mbovu. Imelenga mnyoo mwingine.

Sayansi huwagawa wanyama wasio na uti wa mgongo katika makundi. Albendazoli hutumika hasa dhidi ya nematoda, yaani minyoo wa mviringo, wakiwemo minyoo wa safura. Kichocho huletwa na mnyoo bapa, wa kundi moja na tegu. Dawa yake ni prazikwanteli, ambayo kipimo chake hutegemea uzito au urefu wa mgonjwa. Ndiyo sababu kingatiba shuleni hutaja kichocho na minyoo wa tumbo kuwa mambo mawili.

Kila mnyama hupewa jina lenye sehemu mbili, jenasi na spishi, kwa utaratibu aliouimarisha Carl Linnaeus mwaka 1758. Mnyoo wa kichocho cha mkojo huitwa Schistosoma haematobium. Sehemu ya kwanza, kwa asili ya Kigiriki, ni "mwili uliopasuka": dume ana mfereji mwilini unaombeba jike. Ya pili humaanisha "aishiye damuni". Kweli, makao yake ni mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Mayai yake yenye mwiba hupenya ukuta wa kibofu, na damu huchanganyika na mkojo. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz alimgundua mnyoo huyu mjini Cairo mwaka 1851.

Jina la konokono nalo lina kazi yake. Konokono ni moluska. Wa jenasi Bulinus hueneza kichocho cha mkojo. Wa jenasi Biomphalaria, waliopo mwambao wa Ziwa Victoria, hueneza kichocho cha tumbo, cha Schistosoma mansoni. Baadhi ya Bulinus hujichimbia topeni lambo linapokauka, kisha huibuka mvua zirudipo. Kwa hiyo lambo lililokauka halijasafika.

Kwa mwanamke, kichocho chaweza kuathiri uke na mlango wa kizazi, kikadhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa. Kisipotibiwa kwa miaka mingi, chaweza kuchangia saratani ya kibofu.

Mhudumu wa afya hana budi kuandika jina kamili la mnyoo katika kadi, si "minyoo" tu. Mkojo wa kupimwa uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapokuwa mengi. Naye mgonjwa anayo haki ya kuuliza: ni mnyoo gani, na dawa hii ni ya mnyoo huyo?