Madereva wa Safari Rally na somo kwa wenye malori Gairo

MFANYABIASHARA wa viazi vitamu wa Gairo na dereva wa mbio ndefu za magari wana hesabu inayofanana. Wote wawili hutoa fedha nyingi kabla ya kuondoka, hupita katika barabara wasiyoimiliki, na hulipwa mwisho wa safari tu. Gari likiishia njiani, hakuna anayeuliza lilikuwa likikimbia kiasi gani.

Somo la wiki hii linaangalia jinsi madereva mashuhuri wa Afrika Mashariki walivyojenga kazi zao katika mashindano ya Safari, na kipi kati ya hayo kinaweza kumsaidia anayepakia mzigo Gairo kwenda Dar es Salaam.

Gairo, iliyokuwa sehemu ya Kilosa hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012, iko karibu katikati ya Morogoro na Dodoma kwenye barabara kuu. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 300. Mwenye mahindi akiona bei mbaya anaweza kuyaweka ghalani, au kuyapeleka soko la jirani la Kibaigwa. Mwenye viazi vitamu hana nafasi hiyo. Kiazi kikishachimbwa huanza kunyauka, na kila siku kinayokaa njiani hupunguza bei yake. Kwake yeye, kufika ni sehemu ya bei.

MASHINDANO YALIYOKUWA SOKO

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita katika nchi tatu za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari.

Jambo moja la mwanzo huo linapaswa kumvutia kila mfanyabiashara. Magari yalipangwa katika madaraja kwa kufuata bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini. Mtu aliyekuwa na fedha za kununua gari dogo aliweza kuona lipi kati ya magari ya bei yake linavumilia vumbi, mawe na matope. Kwa maneno mengine, mashindano yalikuwa maonyesho ya biashara, na wateja walikuwa wamesimama kando ya barabara.

Utaratibu wa pointi nao ulikuwa rahisi. Kila kituo kilipangiwa muda wa kufika. Aliyechelewa alipewa pointi za adhabu kwa kila dakika, na mwenye pointi chache mwishoni ndiye mshindi. Njia ilikuwa ya maelfu ya kilometa, barabara hazikufungwa, na mashindano yalikuja kuzoeleka wakati wa Pasaka, ambapo masika huwa yameanza. Ndiyo maana mwaka 1963 yalifika magari 7 tu, na mwaka 1968 yakafika 7 tena, ingawa kila mara yalikuwa yameondoka magari mengi.

Katika miaka yote hiyo miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki wa Kenya akiendesha Peugeot 404. Gari hilo, ambalo mitaani liliitwa Pijo, lilishinda mara nne kati ya mwaka 1963 na 1968. Mnunuzi wa teksi au pikapu hakuhitaji tangazo lingine.

SHANKLAND: KULIJUA GARI MOJA

Ushindi wa Peugeot wa mwaka 1966 na 1967 ulikuja Tanzania. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania mwenye asili ya Uskoti, alishinda miaka hiyo miwili mfululizo akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell. Shankland alikuwa mtu wa kazi ya magari. Hakutoka Ulaya kwa wiki mbili akarudi kwao. Aliishi hapa, na barabara za hapa ndizo alizozizoea.

Somo lake ni la ubobezi. Watu wale wale wawili, gari la aina ile ile, mwaka hadi mwaka. Anayetumia aina moja ya gari hujua kifaa gani huchakaa kwanza, hubeba spea sahihi, na husikia mlio mbaya kabla haujawa hasara. Mwenye malori matatu ya aina tatu anahitaji stoo tatu za spea na mafundi wa aina tatu. Wengi hununua hivyo kwa sababu kila moja lilipatikana kwa bei nafuu siku hiyo, na gharama ya unafuu huo huonekana baadaye.

JOGINDER SINGH: KUFIKA KWANZA

Joginder Singh alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932, akakulia katika kazi ya gereji. Alianza mashindano mwishoni mwa miaka ya 50. Mwaka 1965 alishinda Safari pamoja na mdogo wake Jaswant kwa Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limetumiwa na timu ya kiwanda mwaka uliotangulia, na wenyewe wakaliacha. Ndugu hao walilinunua na kulitengeneza upya wao wenyewe.

Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Hata hivyo, tarakimu kubwa zaidi katika maisha yake si hizo tatu. Joginder aliingia Safari mara 22 na akamaliza mara 19, yaani zaidi ya mara 8 katika kila 10, katika mashindano ambayo kuna miaka walimaliza saba tu.

Rekodi hiyo ndiyo iliyouza jina lake. Kampuni inayotoa gari hutaka lionekane mwisho wa mbio, kwa sababu gari lililokwama porini humtangaza mshindani wake. Dereva anayefika hata akiwa wa tano ni mali kuliko anayeongoza siku ya kwanza na kutoweka siku ya pili. Mnunuzi wa jumla wa Dar es Salaam naye humhesabu hivyo mtu wa Gairo. Anayeleta gunia 80 kila Jumatano hupewa bei ya kudumu na hata fedha za kutangulia. Anayeleta gunia 150 wiki hii na kupotea wiki mbili huuza kwa bei ya kubahatisha.

MEHTA: MTAJI HUWEZA KUPOTEA, REKODI HUBAKI

Shekhar Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945 katika familia yenye mashamba na kiwanda cha sukari Lugazi. Alianza na mtaji ambao Joginder hakuwa nao. Lakini mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, na familia hiyo ikaacha mali yake Uganda.

Mwaka uliofuata, 1973, Mehta alishinda Safari kwa Datsun 240Z. Yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na pointi sawa za adhabu. Ushindi ulipewa Mehta kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuanza kupata adhabu. Alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na kufikisha mara tano.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapo. Kwanza, usafi wa mwanzo una thamani hata kama hauonekani siku hiyo. Benki inapowapima waombaji wawili wenye dhamana sawa, hutazama nani alilipa marejesho ya mwanzo bila kuchelewa. Pili, mali inaweza kuchukuliwa kwa amri ya siku moja, lakini ujuzi na jina havibaki ghalani. Huhama na mwenyewe.

Mwaka 1987 Mehta aliumia vibaya katika mashindano ya Misri na kazi yake ya udereva ikaisha. Aliingia katika uongozi wa mchezo huo kwenye Shirikisho la Kimataifa la Magari, akawa huko hadi miaka ya mwisho ya maisha yake. Alifariki mwaka 2006. Alikuwa na la kufanya baada ya usukani. Kila dereva wa lori anapaswa kujiuliza kama naye analo.

SOKO LILIPOBADILIKA

Mwaka 1973 Safari iliingizwa katika ubingwa wa dunia. Viwanda vikaja na madereva wao, mafundi wao, magari ya huduma na baadaye helikopta. Gharama ya kushindana ikapanda kupita uwezo wa gereji ya mtaani. Mwaka uliotangulia Hannu Mikkola wa Finland alikuwa amekwisha kuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Wenyeji hawakutoweka: mwaka 1994 Ian Duncan wa Kenya alishinda kwa Toyota, na Patrick Njiru akawa wa nne kwa Subaru. Lakini kwa wengi njia ya kupanda ikawa kupata mdhamini.

Kwa Tanzania pigo lilikuja mapema zaidi. Kuanzia katikati ya miaka ya 70 mashindano yalibaki Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa nchi hizo mbili ukafungwa hadi 1983. Dereva wa Dar es Salaam au Morogoro akapoteza soko lake kubwa bila kosa lolote la kwake.

Kenya nayo ilionja hali hiyo. Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia, ikarudi mwaka 2021 huko Naivasha ikiwa fupi kuliko ile ya zamani. Kwa karibu miaka 20 hiyo, kijana mwenye kipaji hakuwa na jukwaa la dunia nyumbani kwao. Waliodumu walitegemea gereji, biashara za familia na wadhamini wa ndani kama benki ya KCB. Aliyekuwa na mteja mmoja tu alifunga.

HESABU YA GAIRO

Chukua mfano ufuatao. Tarakimu ni za kufundishia, si bei za soko za wiki hii.

Mfanyabiashara ananunua gunia 100 za viazi kwa sh. 40,000 kila moja, jumla sh. 4,000,000. Usafiri, upakiaji na ushuru ni sh. 1,000,000. Akiuza Dar es Salaam kwa sh. 60,000 anapata sh. 6,000,000. Faida ni sh. 1,000,000.

Safari nyingine lori linaharibika karibu na Dumila na kukaa siku mbili. Gunia 15 zinaoza. Zilizobaki 85 zimenyauka na zinauzwa kwa sh. 55,000. Mapato ni sh. 4,675,000. Hasara ni sh. 325,000, kabla ya kumlipa fundi.

Sasa weka ukaguzi wa lori wa sh. 100,000 kabla ya kila safari. Faida inashuka hadi sh. 900,000. Katika safari 10 zinazofika salama anapata sh. 9,000,000. Asiyekagua, akiharibikiwa mara moja tu katika safari 10, anapata faida ya sh. 9,000,000 kwa safari tisa, akitoa hasara ya sh. 325,000 anabaki na sh. 8,675,000. Akiharibikiwa mara mbili anabaki na sh. 7,350,000. Aliyeona ukaguzi ni ghali ndiye aliyetumia zaidi.

Ukaguzi hauzuii kila kitu. Januari 2014 mafuriko yaliikata barabara ya Morogoro na Dodoma eneo la Dumila, na hakuna spana ingeweza kusaidia. Kwa ajali ya namna hiyo dawa ni akiba, na kutopakia mtaji wote katika lori moja. Wala mwendo wa kasi si dawa. Dereva wa Safari alijengewa gari la kukimbia, na aliyelizidisha alibaki porini. Lori lililozidishiwa lumbesa halikujengwa kwa mbio, na likipinduka linaweza kuondoka na dereva, utingo na watu wa kando ya barabara. Haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katika safari zako 22 za mwisho, ni ngapi zilifika kwa muda uliopangwa? Kama hujui, anza daftari leo: tarehe, mzigo, saa ya kuondoka, saa ya kufika, kilichoharibika.

2. Magari yako yanatumia spea za aina ngapi, na zipi zimo ndani ya lori linapoondoka?

3. Kama mnunuzi wako mkubwa atafunga biashara kesho, nani atapokea mzigo uliokwisha kupakiwa?

4. Dereva wako analipwa kwa kuwahi, au kwa kufikisha mzigo ukiwa mzima? Anayelipwa kwa kuwahi tu atakimbia, na tajiri ndiye aliyemtuma.

Atakayejibu maswali haya kwa tarakimu za daftari lake mwenyewe, hata zikiwa mbaya, ana pa kuanzia kabla ya msimu ujao wa viazi. Joginder Singh hakumaliza mara 19 kwa siku moja. Alimaliza moja, akalitengeneza gari, akarudi.