Pikipiki Ikivuja Petroli: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Wahudumu wengi wa bodaboda hulaza pikipiki zao ndani ya nyumba kwa kuhofia wezi. Mara nyingi chumba hicho ndicho chenye jiko, koroboi na watoto waliolala. Pikipiki inayodondosha petroli ikiingizwa humo, hatari si ya mwendeshaji pekee bali ya familia nzima na majirani wa ploti.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu na kutokea dirishani, bali hutambaa sakafuni hadi ukutane na cheche au moto. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya chini ya nyuzi sifuri, hivyo ubaridi wa usiku si kinga. Kwa hivyo, pikipiki inayovuja isilazwe ndani wala isiwashwe hadi itakaporekebishwa.

Kuna hasara ya mfukoni pia. Mafuta yanayovuja yakijaza chupa ya mililita 300 kila usiku, kwa siku 30 mwenye pikipiki amepoteza lita 9. Ilhali mara nyingi kinachohitajika ni mpira, oringi au kusafisha kabureta.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

• Sukuma pikipiki hadi nje, mahali penye hewa, mbali na jiko, sigara na swichi za umeme.
• Toa ufunguo na usubiri injini na ekzosi zipoe kabisa.
• Funga koki ya mafuta iliyo chini ya tangi.
• Weka mchanga mkavu karibu. Petroli ikiwaka usiimwagie maji, kwa kuwa huelea juu ya maji na kusambaza moto.
• Giza likiingia tumia tochi. Koroboi na kiberiti visikaribie.

KUTAFUTA CHANZO

Petroli huteremka. Mahali inapodondokea si lazima pawe ndipo inapotokea. Tone lililo chini ya injini huenda limetoka kwenye tangi na kufuata mpira hadi huko.

Pangusa sehemu zote kwa kitambaa kikavu, kisha utazame kutoka juu kwenda chini: kifuniko cha tangi, mshono wa tangi, koki, mpira wa mafuta na mwisho kabureta. Sehemu ya juu kabisa inayolowa kwanza ndiyo yenye kasoro.

Koki pia husaidia kutambua tatizo. Ukiifunga na mafuta yakaacha kudondoka baada ya muda mfupi, kasoro iko chini yake, yaani kwenye mpira au kabureta. Yakiendelea, chunguza tangi au koki yenyewe.

KUREKEBISHA

Mpira wa mafuta. Jua na joto la injini huukausha hadi upasuke, hasa kwenye ncha. Ikiwa mpasuko uko nchani na mpira ni mrefu wa kutosha, kata kipande hicho, urudishe na ukaze klipu. Ukiwa mgumu au umepasuka katikati, weka mpya uliotengenezwa kwa ajili ya petroli. Mpira wa maji haufai, kwa kuwa petroli huuharibu haraka. Hakikisha haugusi ekzosi wala haujakunjika.

Koki. Ikivuja pale inapoungana na tangi, kaza bolti zake kwa kiasi. Isipokoma, toa mafuta yote tangini, ifungue na ubadilishe oringi. Ikiwa inapitisha mafuta hata ikiwa imefungwa, ibadilishe.

Kabureta. Ndani ya bakuli lake kuna floti inayopanda mafuta yakijaa na kusukuma sindano ili ifunge njia. Uchafu ukinasa kwenye sindano, mafuta hayakomi kuingia na humwagika kupitia mpira wa chini. Anza kwa kugonga bakuli polepole kwa mpini wa bisibisi, kisha ufungue skrubu ya chini na umwage mafuta machafu kwenye chombo. Tatizo likiendelea, funga koki na ufungue bakuli. Tikisa floti, ukisikia mafuta ndani yake, imetoboka. Tazama ncha ya sindano kama imelika. Badilisha pia oringi ya bakuli, kwani ya zamani hufura na mara nyingi hairudi mahali pake.

Kifuniko. Tangi likijazwa hadi mdomoni na kuachwa juani, mafuta hutanuka na kumwagika. Hiyo si kasoro. Acha nafasi kidogo unapojaza.

Tangi lenye kutu. Sabuni ya kipande huzuia tundu dogo kwa muda, na inatosha tu kusukuma pikipiki hadi kwa fundi. Tangi lililokuwa na petroli lisichomelewe kienyeji. Hata likionekana tupu, mvuke uliobaki unaweza kulipuka. Kazi hiyo ni ya fundi anayejua kulisafisha na kuondoa mvuke kwanza.

USIPUUZE OILI

Kabureta inayofurika inaweza kupitisha petroli hadi kwenye oili ya injini. Kagua kijiti cha oili: kiwango kikiwa kimepanda au oili ikinuka petroli, usiwashe injini. Badilisha oili kwanza, la sivyo vyuma vitasagana kwa kukosa ulainisho.

KABLA YA KURUDI STEJI

Fungua koki, weka karatasi kavu chini ya pikipiki na usubiri dakika 10 bila kuwasha injini. Karatasi ikibaki kavu, washa na ukague tena. Anika nje vitambaa vilivyolowa petroli, na usimwage mafuta machafu kwenye mtaro.

Usinyonye petroli kwa mdomo unapoitoa tangini. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, kwa kuwa inaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi kwa angalau dakika 15, kisha utafute matibabu.

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za zimamoto na vyuo vya ufundi vya vijijini ni majukumu ya serikali za kaunti. Vijana wanaotaka kujifunza ufundi wa pikipiki wanaweza kuulizia nafasi katika ofisi ya wadi. Moto ukitokea, ondoa watu kwanza, uache pikipiki, na upige simu 999 au 112.