SOMO LA MWEZI: MBU NA MATOPE YA NJIA YA NAMUGONGO



Kila mwaka ikifika Mei, kuna wenzetu wanaoanza kutafuta raba za mtumba pale Toi. Ukiwauliza, watakuambia wanakwenda Namugongo kwa ajili ya Juni 3, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Wengine hupanda basi hadi Busia, halafu kutoka mpakani ni miguu tu: Bugiri, Iganga, Jinja, msitu wa Mabira, Lugazi, Mukono, mpaka kufika. Ni kilomita zipatazo 180. Ukienda 30 kwa siku, hiyo ni karibu wiki nzima, na mvua za masika bado hazijaisha.

Somo hili limetokana na mama mmoja wa kikundi cha akiba. Alirudi miguu imevimba lakini amefurahi sana. Wiki mbili baadaye akashikwa na homa na baridi. Majirani wakasema, "Ni uchovu wa safari tu, mama, pumzika." Akanunua dawa ya maumivu dukani. Siku ya nne akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, ndipo vijana wakampakia kwenye mkokoteni mpaka barabarani. Ilikuwa malaria, tena imepanda kichwani. Alipona, lakini nusura tumpoteze.

Sasa tujiulize: mbona hata hapa kwetu mbu wapo? Wapo kweli, na wanatunyima usingizi. Lakini mbu wetu wengi ni wale wa mitaro ya maji machafu, na hao hawaleti malaria. Tena Nairobi iko juu, kuna baridi, na malaria huambukizwa hapa kwa nadra. Kule njiani ni chini zaidi, kuna joto, mabwawa na mashamba ya mpunga. Mtu mzima wa kule ameumwa na mbu tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kupigana. Wewe uliyeishi Kibera miaka kumi, mwili wako umesahau, hata kama ulizaliwa Siaya au Busia. Usijidai mwenyeji.

Mbu wa malaria huuma hasa usiku. Kwa hiyo jua likizama vaa mikono mirefu na soksi, jipake mafuta ya kufukuza mbu, na ulale ndani ya neti iliyotiwa dawa. Neti bila kamba ni mzigo tu. Beba kamba nne, na uifunge hata ukilala uwanjani mwa kanisa, kwenye miti au nguzo. Ncha zake zikunjwe chini ya mkeka. Usiwashe mshumaa karibu nayo. Wiki mbili kabla ya safari, nenda zahanati uulize kuhusu vidonge vya kuzuia malaria. Mama mjamzito na mtoto mdogo, mimi nasema wazi, wapande gari.

Na matope? Watu wengi hununua gambuti. Gambuti ni nzuri kwa kuvuka mtaa wetu wakati wa mvua, lakini kwa kilomita 30 zitakuchubua mpaka ulie. Raba ulizokwisha kuzizoea ni bora, hata zikilowa. Hatari yenyewe ni ngozi kukaa na maji siku nzima: inalainika, inapasuka, na uchafu unaingia. Beba soksi tatu. Mchana mkipumzika, vua viatu, nawa, kausha katikati ya vidole, vaa kavu; zile mbichi zining'inize kwenye mfuko zikauke ukitembea. Lengelenge usilitoboe, lifunike. Usitembee pekupeku jioni eti unapumzisha miguu, maana kule Busoga kuna funza. Akikuingia, atolewe kwa sindano safi, isiyotumiwa na mwingine.

Turudi kwa homa, maana hapo ndipo mama yule alipoponea chupuchupu. Malaria hujificha mwilini siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa. Homa yoyote katika mwezi huo, nenda upimwe damu siku hiyohiyo, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe: "Nimetoka Uganda." Usiposema, anaweza kufikiria taifodi au mafua, kwa sababu uko Nairobi. Ukipewa dawa ya siku tatu, imalize yote, na uimeze baada ya chakula, hata kama siku ya pili unajiona umepona.

Maswali ya kujadiliana kikundini: Nani kati yetu anajiandaa kwa safari, na ana neti? Je, akiba yetu inaweza kununua neti chache za kuazimana kila Mei? Na wasafiri wakisharudi, nani atapita nyumba kwa nyumba mpaka mwezi uishe kuuliza kama kuna mwenye homa?