Kuchukuliana Mizigo Katika Kupunguza Uzito

Somo la vikundi vya nyumbani. Someni kwanza Wagalatia 6:1–5 na 1 Wafalme 19:1–8.



Somo la mwezi huu linahusu jambo ambalo wengine watasema si la kanisani. Tumeliweka hapa kwa sababu limetugusa sisi wenyewe, na limetuonyesha jinsi tulivyo wepesi wa kupiga makofi na wazito wa kuuliza hali.

Kikundi chetu cha Umoja wa Mama, pamoja na akina baba wachache waliojiunga baadaye, kilianza kupimana uzito kila Jumamosi baada ya mafundisho. Wengi wetu tulikuwa tumeambiwa zahanati kwamba damu inapanda, au kwamba sukari imeanza kuzidi, tukashauriwa kupungua. Tukanunua mizani na daftari. Aliyepungua alipigiwa vigelegele. Aliyeongezeka tulimtania kidogo, kisha tukamwita anayefuata. Tulidhani huko ndiko kutiana moyo.

Mambo mawili yakatuamsha.

La kwanza, mama mmoja aliyekuwa akituongoza wote kwa kupungua alifiwa na mumewe. Katika siku za matanga na miezi ya upweke iliyofuata, uzito wake wote ukarudi. Akaacha kuja Jumamosi, nasi tukasema ni majonzi, yataisha. Baadaye akaacha kuja hata Jumapili. Wawili wetu walipokwenda kumtazama aliwaambia kwamba mbele ya Mungu haoni haya, bali anaona haya mbele ya mizani yetu.

La pili, mama mwingine alipungua kilo 9 kwa muda mfupi, wala hakuwa amejinyima chakula. Huyo tulimpigia vigelegele kuliko wote. Hakuna aliyemwuliza mbona anakunywa maji mengi hivyo, wala mbona anatoka nje mara kwa mara mafundisho yakiendelea. Kumbe kilikuwa ni kisukari kilichokwisha kupanda sana. Alifikishwa hospitali akiwa hajiwezi. Twamshukuru Mungu kwamba aliokoka, na sasa anatumia dawa. Lakini hatuna budi kukiri kwamba makofi yetu yalimchelewesha.

Ndiyo maana tumeandika somo hili.

1. Mwili hufanya kazi gani?

Tuanze na mambo ya mwili, maana kutojua huzaa hukumu.

Zahanati hupima unene kwa kugawanya kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 80 atagawanya 80 kwa 2.56, apate kama 31. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, 25 na zaidi ni uzito uliozidi kwa mtu mzima, na 30 na zaidi ni unene wa kupita kiasi. Kipimo hiki ni cha kuongoza tu. Daktari hutazama pia kiuno, damu na sukari.

Habari njema ni kwamba si lazima mtu awe mwembamba ndipo apate faida. Mwenye kilo 80 akipunguza kilo 4 tu, yaani asilimia 5, mara nyingi damu na sukari yake huanza kuwa afadhali.

Habari nzito ni kwamba mwili hupenda kurudi ulikotoka. Mtu akipungua, mwili hutumia nguvu kidogo kuliko zamani hata akiwa amepumzika, na vichocheo vya njaa huongezeka. Mwili wadhani kuna njaa nchini, nao wajitetea. Kwa hiyo aliyepungua huona njaa zaidi, na huhitaji chakula kidogo zaidi. Hilo si uvivu wala ulafi, bali ndivyo tulivyoumbwa, na ndivyo babu zetu walivyovuka miaka ya ukame.

Tena, mizani husema mengi yasiyo mafuta. Sehemu kubwa ya upungufu wa siku za kwanza ni maji. Chumvi nyingi ya jana, choo kigumu, au siku za mwezi kwa mwanamke, vyaweza kuongeza kilo moja au mbili ambazo zitatoka zenyewe. Ziko pia dawa zinazoongeza uzito, kama vile insulini na baadhi ya dawa za kifafa na za magonjwa ya akili. Asiache mtu dawa yake kwa ajili ya mizani. Azungumze kwanza na daktari.

Mwaka 2002 huko Marekani yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliofundishwa kula kwa kiasi, kutembea dakika 150 kwa juma, na kufuatiliwa na mtu wa kuwatia moyo, walipata kisukari kwa asilimia 58 pungufu kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2009 ikatolewa taarifa ya miaka 10. Wale waliofundishwa walikuwa wamepungua kama kilo 7 mwaka wa kwanza, lakini sehemu kubwa ya kilo hizo ilikuwa imerudi. Hata hivyo, kwa miaka hiyo yote 10, waliopata kisukari kati yao walikuwa pungufu kwa asilimia 34. Basi, hata jitihada iliyopanda na kushuka haikuwa bure. Wahenga wetu walisema kuteleza si kuanguka.

2. Maandiko yatufundisha nini?

Katika Wagalatia 6, mtume Paulo asema mambo mawili ambayo kwa haraka yaonekana kupingana. Katika mstari wa 2 ataka tuchukuliane mizigo. Katika mstari wa 5 asema kila mtu ana furushi lake la kuchukua mwenyewe. Katika Kiyunani pia ni maneno mawili mbalimbali. La kwanza ni uzito unaomlemea mtu, asioweza kuuinua peke yake. La pili ni mzigo wa kawaida wa msafiri.

Tukiliweka hilo katika jambo letu, twaona hivi. Kukataa andazi la tatu ni furushi langu. Hakuna wa kunikatalia. Lakini msiba, aibu, hofu ya ugonjwa, na kukata tamaa baada ya kilo kurudi, hiyo ni mizigo, nami siwezi kuibeba peke yangu. Kosa letu lilikuwa kugeuza mambo. Tulichungulia mafurushi ya wenzetu kwa mizani na daftari, na mizigo tukawaachia wenyewe. Ni kama wasemavyo, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: asiyeubeba huuona mwepesi.

Angalieni pia mstari wa 1. Paulo ataka aliyeanguka arejeshwe kwa upole. Neno la Kiyunani alilotumia ndilo lililotumika katika Marko 1:19 kwa wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu zao. Mvuvi haupigi wavu kwa kuwa umechanika. Hukaa chini akaushona tundu kwa tundu, kwa sababu kesho atauhitaji baharini.

Sasa mtazameni Eliya. Alikimbia, akachoka, akalala chini ya mti akitaka kufa. Malaika hakumkaripia. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Hapa twajifunza kwamba chakula si adui yetu. Ni zawadi ya Mungu kwa safari. Tunapopunguza chakula hatuupigi vita mwili, bali twautunza.

3. Mambo tuliyokubaliana

Baada ya kuomba na kuzungumza, kikundi chetu kiliweka taratibu hizi. Twazitoa kwenu mzipime.

Kwanza, uzito ni siri ya mwenye nao. Mizani yetu sasa iko nyuma ya pazia, na kila mtu ana daftari yake. Anayetaka kusema atasema, asiyetaka haulizwi.

Pili, twaulizana hali kabla ya kilo: Umelalaje? Nyumbani kukoje? Mtu akipungua bila kukusudia, au akiwa na kiu isiyoisha, kikohozi kisichokoma, homa au kutokwa jasho usiku, hatupigi makofi. Twamsindikiza zahanati juma hilo hilo, maana huenda ni kisukari, kifua kikuu au ugonjwa mwingine.

Tatu, hatufanyi mzaha juu ya mwili wa mtu, mnene wala mwembamba. Wengine wetu twakumbuka miaka ya UKIMWI kabla dawa hazijaenea, jinsi aliyekonda alivyonong'onezwa. Hofu ile bado i moyoni mwa wengi, na yuko anayeogopa kupungua asije akasemwa. Tukisikia minong'ono ya namna hiyo, tuikate.

Nne, asiyeonekana majuma mawili hutembelewa. Anayekwenda haendi kuuliza habari za uzito. Aende kusalimu, kuteka maji, kuketi naye.

Tano, twasaidiana mezani. Baada ya ibada chai hutolewa bila sukari, na sukari iko pembeni kwa anayetaka. Pamoja na maandazi kuna matunda na mahindi ya kuchemsha. Nyumbani twajaribu dona badala ya sembe, mboga nyingi, maharage au dagaa, na mafuta kidogo. Tena tumeiangalia desturi yetu ya kumshindilia mgeni. Kumkaribisha mara moja ni heshima. Kumlazimisha sahani ya pili ni kumtwika mzigo. Wageni nao wasikatae kwa dharau, bali waonje, washukuru na kumsifu mpishi.

Sita, twatembea pamoja. Dakika 30 kwa siku 5 hutimiza zile dakika 150. Asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, tunakwenda wawili wawili, na aliye mwepesi hufuata mwendo wa aliye mzito. Njiani ndipo watu husema yale wasiyoweza kuyasema mkutanoni.

Saba, hatufungi kwa ajili ya mizani. Mfungo wa Kwaresima ni wa toba na sala. Anayetumia dawa za kisukari asifunge kabla ya kumwona daktari, maana sukari yaweza kushuka hata akazimia. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiingie katika kujinyima bila ushauri wa zahanati.

Yule mama mjane alianza kwa kutembea na jirani yake, bila neno lolote la kilo. Baada ya miezi kadhaa alirudi Jumapili, na baadaye Jumamosi. Hatujui uzito wake wa leo, wala hatuna haja ya kuujua. Twajua tu kwamba hupimwa damu kila mwezi na kwamba yu pamoja nasi.

4. Maswali ya kuzungumza

(a) Je, katika kikundi chenu yuko aliyeacha kuja kwa sababu ya aibu? Ni nani atakwenda kwake, na siku gani?

(b) Katika maisha yako, lipi ni furushi lako mwenyewe, na upi ni mzigo unaohitaji wenzako?

(c) Ni maneno gani tunayoambiana kuhusu miili yetu ambayo twadhani ni utani, kumbe yanachoma?

(d) Tufanye nini katika harusi, misiba na sikukuu zetu ili mwenye kisukari au damu ya kupanda apate cha kula bila kujitenga?

5. Sala

Ee Mungu Baba yetu, uliyetuumba mwili na roho, twakushukuru kwa chakula unachotupa na kwa afya tuliyo nayo. Utusamehe kwa kuwacheka waliolemewa na kuwasahau walioteleza. Utupe kiasi mezani, subira njiani, na upole vinywani mwetu. Uwatazame wagonjwa wa kisukari na wa damu ya kupanda, pamoja na wote wanaowauguza. Utufanye tuchukuliane mizigo, hata siku ile utakapoitua yote. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.