Somo la Huduma: Kumpata na Kumdumisha Mhudumu wa Afya Anayetegemewa

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii hufanya kazi mbali na macho ya msimamizi wake. Msimamizi yuko zahanati. Yeye yuko milangoni mwa watu, na mara nyingi hulazimika kuamua peke yake. Kwa hiyo suala la nani achaguliwe linamhusu kila mkazi wa Nyakato.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa kuwafikisha wahudumu hao 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila mtaa au kitongoji, baada ya mafunzo ya miezi sita. Awali wengi walijitolea chini ya miradi. Mradi ulipokwisha, posho ilikoma, na mhudumu mzoefu akatafuta riziki kwingine.

Hatua ya kwanza ni uteuzi. Cheti huonyesha alichosoma mtu. Hakionyeshi atafanya nini pasipo wa kumwelekeza. Inafaa apewe mfano: mtoto wa mwaka mmoja anaharisha tangu jana, na mama hana nauli. Anayejibu tu kwamba atamwambia aende hospitali hajatatua tatizo. Anayetegemewa atauliza kama mtoto anaweza kunywa na kama amelegea, atahimiza apewe maji ya ORS, atatafuta jirani mwenye usafiri, ataipigia simu zahanati, na kesho yake atarudi kumjulia hali. Aulizwe pia kuhusu siku aliyoshindwa. Anayekiri kosa mapema ni salama kuliko anayelificha, kwa kuwa hakuna aliye karibu wa kuligundua.

Hatua ya pili ni kumdumisha. Malipo na vifaa vimfikie kwa wakati. Msimamizi amtembelee kazini, asingoje taarifa ya mwezi pekee. Zahanati impe mrejesho wa kila mgonjwa aliyempeleka. Asipojibiwa, wakazi hupoteza imani naye, naye huchoka. Vilevile asibebeshwe kila shughuli ya mtaa.

Wakazi nao wana wajibu. Wahudhurie mikutano ya mtaa, waseme ukweli kuhusu mwenendo wa wanaopendekezwa, wampokee mhudumu majumbani na kumpa taarifa sahihi. Wakiona dosari, waifikishe mapema kwa mtendaji wa mtaa, ili irekebishwe kabla mgonjwa hajadhurika.