Mantra: Chagua Neno Moja, Ubaki Nalo

Umeamua kuanza kutafakari. Vizuri. Sasa umekwama kwenye mantra, yaani neno la kurudia kimoyomoyo: useme Om, So'ham au amani? Labda umeambiwa kwamba ukikosea mantra, unapoteza muda wako. Acha kuhangaika.

Kama shida yako ni kutuliza mwili, karibu neno lolote fupi litakufaa. Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard, aliwapima watu wanaofuata Transcendental Meditation, mfumo ambamo mwalimu humpa kila mwanafunzi mantra yake kwa faragha. Walipoketi na mantra zao, miili yao ilitumia oksijeni kidogo kuliko kawaida. Baadaye akawajaribu wengine kwa neno la kawaida kabisa: "moja". Mabadiliko yalifanana. Mwaka 1975 akayaeleza yote kwenye kitabu chake The Relaxation Response.

Lakini usiokote neno lolote tu. Neno baya ni lile linalokuanzishia hadithi. Sema "pesa", na dakika hiyo hiyo umeshafika kwenye kodi ya nyumba. Jina la mpenzi, la bosi au la mtoto anayeumwa, liache. Hata "tulia" huwasumbua wengine, maana linasikika kama amri.

Chukua neno la silabi mbili hadi nne. Lijaribu hivi: vuta pumzi kwa pua, kisha liseme kimoyomoyo wakati pumzi inatoka. Likiisha pamoja na pumzi bila kukukimbiza, limekufaa. "Amani" linapita vizuri. "Moja" pia.

Una dini? Anzia huko. Benson mwenyewe alikuja kuwashauri watu wachague neno au sala fupi kutoka kwenye imani yao, kwa kuwa jambo unaloliamini ni rahisi kulirudia kesho. John Main, mtawa Mbenedikto, aliwafundisha Wakristo neno "maranatha", silabi nne zinazotamkwa kwa uzito ule ule, asubuhi na jioni.

Kuna mahali ushauri wangu unakoma. Mwislamu anayevuta uradi, au Mhindu aliyepewa mantra na guru wake, hachagui sauti ya kumtuliza. Yuko kwenye ibada. Hapo neno lenyewe lina heshima yake, na wa kuulizwa ni sheikh au guru. Usiyachukue maneno ya watu na kuyageuza dawa ya usingizi.

Ukishachagua, usibadilishe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Jumatatu Om, Jumatano amani, Ijumaa neno jipya la YouTube. Kila neno jipya linakurudisha kwenye kupima na kulinganisha, na akili iliyo kazini haipumziki. Lipe neno lako mwezi mzima kabla hujalihukumu.

Sasa keti. Kiti cha kawaida kinatosha. Funga macho, legeza mabega na taya, anza. Dakika 10 za mwanzo zinatosha, ukizoea nenda hadi 20. Usitege alamu, itakushtua. Fumbua jicho uangalie saa. Na kama umetoka kula, subiri saa mbili zipite.

Mawazo yatakuja. Utakumbuka nguo ulizoanika, utajibu meseji kichwani. Usijigombeze. Ukigundua umepotea, rudi kwenye neno, hata kama ni mara mia. Kurudi huko ndiyo kazi yenyewe, na neno ulilolizoea ni rahisi kulirudia kuliko neno zuri usilolijua.

Neno hili halichukui nafasi ya matibabu: kama unatumia dawa za presha, endelea nazo kama daktari alivyoagiza.

Mwezi ukiisha na neno bado linakukaza kifua au kukuletea kumbukumbu mbaya, libadilishe mara moja tu. Kama halikufanyi chochote cha ajabu, baki nalo. Kesho asubuhi, kabla hujashika simu, keti nalo tena.