Kuba la Kanisa Kuu la Florence

Katika nchi ya Italia, kando ya mto Arno, uko mji wa Florence, ambao wenyeji wauita Firenze. Aufikiaye mji huo huona, juu ya mapaa yote, kuba moja kubwa lenye vigae vyekundu, mfano wa bakuli lililofunikwa. Ndilo paa la kanisa kuu, Santa Maria del Fiore. Florence una mengi ya kutazamwa, lakini msomaji akifahamu jinsi kuba hili lilivyojengwa, ataufahamu mji wenyewe na watu wake.

Kanisa lilianzwa mwaka 1296, na aliyelipanga ni Arnolfo di Cambio. Wakati ule Florence ulikuwa mji wa wafanya biashara ya sufu na wenye mabenki, tena wenye kiburi, wasiotaka kushindwa na miji ya jirani. Mwaka 1348 ikaja tauni, ikaua watu wengi mno, na kazi ikasimama. Walipoirudia wakafanya jambo la ajabu. Mwaka 1367 walikubali kielelezo cha kuba lenye upana wa mita 42 na zaidi, litakaloanzia zaidi ya mita 50 juu ya ardhi, bila kuta za kuliegemeza kwa nje. Wasimamizi wa ujenzi wakaapa kukifuata kielelezo kile. Lakini hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua namna ya kulijenga! Walioapa wakazeeka, wakafa; watoto wao wakaendelea kuinua kuta, na mahali pa kuba pakabaki wazi.

Shida ilikuwa hii. Fundi ajengaye tao la mlango hutengeneza kwanza egemeo la mbao, hupanga matofali juu yake, na chokaa ikiisha kushika huziondoa mbao. Kwa kuba la ukubwa ule egemeo lingetaka miti mingi kupita kiasi. Basi mwaka 1418 ikatangazwa zawadi ya florini 200 kwa yeyote atakayeleta njia.

Akatokea Filippo Brunelleschi, mfua dhahabu, aliyezaliwa mwaka 1377. Mwaka 1401 alikuwa ameshindana na Lorenzo Ghiberti juu ya milango ya shaba ya nyumba ya ubatizo, ielekeayo kanisa kuu, na kazi akapewa Ghiberti. Vibao vyao vya mashindano, vyote viwili vikionyesha Ibrahimu akimtoa Isaka, vimehifadhiwa katika jumba la Bargello, na mtu aweza kuvitazama akaamua mwenyewe. Sasa Brunelleschi alisema atalijenga kuba pasipo egemeo lolote chini yake. Vasari, aliyeandika zaidi ya miaka 100 baadaye, asimulia kwamba aliwataka mafundi wenziwe wasimamishe yai juu ya marumaru. Waliposhindwa akalivunja kidogo kitako, likasimama. Kisa ni kitamu, ila mimi nakishuku, maana yai hilo hilo husimuliwa juu ya Kolumbo pia. Lililo hakika ni kwamba hakutaka kuifunua siri yake yote, na wasimamizi wakamweka Ghiberti awe pamoja naye kazini.

Kazi ikaanza mwaka 1420. Matofali yalipangwa kwa safu za kuzunguka. Safu ikiisha kufungika, matofali hubanana pande zote, wala hakuna liwezalo kuangukia ndani. Hatari ni kabla haijafungika. Kwa hiyo kila baada ya matofali kadhaa yaliyolala alisimamisha moja wima, likashikamana na safu za chini, na yale yaliyo kati hayakuteleza hata chokaa ikashika. Matofali hayo ya wima hupanda kwa mshazari, mfano wa ukili uliosukwa. Tena makuba ni mawili, moja ndani ya jingine: la ndani nene, la nje jembamba. Mikanda ya mawe yaliyofungwa kwa vyuma hulizunguka kama pete za pipa, lisipasuke. Ili kupandisha mizigo aliunda mashine iliyozungushwa na maksai. Wanyama walikwenda upande mmoja tu, na kwa kubadili meno ya magurudumu mzigo ulipanda au ulishuka, wala hawakuhitaji kufunguliwa na kugeuzwa. Matofali yote hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni 4.

Mwaka 1436 kuba likafungwa, miaka 140 tangu kanisa kuanzwa. Mnara mdogo wa juu haukuwa umekwisha Brunelleschi alipofariki mwaka 1446.

Chini ya kuba hili ndipo mtawa Girolamo Savonarola alipohubiri katika miaka ya 1490, akikemea anasa za mji na uovu wa makao ya Papa, na watu wakafurika. Tarehe 23 Mei 1498 alinyongwa, mwili wake ukachomwa katika uwanja wa Signoria, na majivu yakatupwa mtoni Arno. Jiwe la mviringo laonyesha mahali pale. Alipokuwa gerezani aliandika tafakari juu ya Zaburi ya 51, nayo ndiyo Luther aliyoitoa mwaka 1523 pamoja na dibaji yake mwenyewe.

Apandaye juu leo hupita ngazi 463, na katikati ya makuba mawili huyaona kwa macho yake yale matofali ya wima. Brunelleschi hakuacha michoro ya kazi yake, na wataalamu wangali wanabishana juu ya baadhi ya mambo. Kaburi lake lilivumbuliwa mwaka 1972, chini ya sakafu ya kanisa lilo hilo.